M.U.L.E.: mchezo wa kompyuta uliochanganya soko na bahati

M.U.L.E. ni mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 1983 na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, kwanza kwa kompyuta za Atari. Ulitungwa na kikundi cha Ozark Softscape cha Little Rock, Arkansas, kikiongozwa na Dan Bunten, aliyejulikana baadaye kwa jina la Danielle Bunten Berry.

Kwa Kiingereza jina hilo lina maana ya nyumbu, chotara wa punda na farasi. Mchezo wenyewe nao ni chotara: ndani yake mna kilimo, uchimbaji madini, mnada, kamari na haraka ya kuwahi muda.

Washindani wanne hukaa mbele ya skrini moja. Nafasi isiyo na mtu huchezwa na kompyuta. Wote ni walowezi katika sayari ya Irata, yaani Atari likisomwa kinyumenyume. Kila mmoja hupata kiwanja, hununua nyumbu wa mashine na kumpeleka shambani kuzalisha chakula, nishati au madini. Asipomweka mahali hasa panapostahili, nyumbu hutoroka.

Anayepungukiwa chakula hufupishiwa zamu yake, na asiye na nishati ya kutosha huvuna kidogo. Madini ya smithore yakiadimika, nyumbu wapya hawaundwi na bei yao hupanda.

Kiini cha mchezo ni mnada. Wauzaji husimama juu ya skrini na wanunuzi chini. Muuzaji akishuka, bei yake hupungua. Mnunuzi akipanda, huongeza dau. Wakikutana, mali hubadilisha mikono. Mwenye ghala lililojaa anaweza kukataa kuuza huku jirani yake akihangaika.

Hata hivyo, uchoyo una mipaka. Baada ya mizunguko 12, tajiri kuliko wote ndiye mshindi, lakini utajiri wa makazi yote nao hupimwa, na koloni huweza kutangazwa kuwa limeshindwa. Aidha, majanga ya ghafla hayamwangukii anayeshika mkia, wala neema ya ghafla haimwendei anayeongoza.

Ziliuzwa nakala zipatazo 30,000 tu. Bunten alifariki dunia mwaka 1998. Miaka miwili baadaye, Will Wright alitabaruku kwa kumbukumbu yake mchezo wa The Sims, ambao ulienea duniani kote.