Kabla Ufute Soweto West

Wasee, kufuta faili kuna historia yake, na hapa Kibera hiyo si stori ya kuchukulia poa.

Hadi 2009, ukifungua ramani za intaneti, Kibera ilikuwa karibu patupu. Ramani ya serikali bado ilionyesha msitu. Mwaka huo vijana wa vijiji vya hapa walishika vifaa vya GPS, wakapita kila kichochoro, wakaweka vyoo, maduka, shule na mabomba ya maji kwenye OpenStreetMap. Mradi ukaitwa Map Kibera.

Halafu tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yakaingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu wakabaki bila nyumba. Shule zikaangushwa. Sasa mchora ramani afanye? Lazima afute, jengo halipo tena. Lakini OpenStreetMap haitupi kitu kabisa: toleo la zamani linabaki kwenye historia, na yeyote anaweza kuona kwamba hapo palikuwa na shule.

Kompyuta hazikuanza na roho safi hivyo. Amri ya `rm` iko kwenye Unix tangu 1971, na haijui pipa la taka. Ukiiongezea `-r` inashuka folda ndani ya folda hadi chini kabisa. Mwaka 1998 mtu fulani Pixar aliiendesha mahali pabaya, na sehemu kubwa ya Toy Story 2 ikayeyuka. Bakapu nazo zilikuwa na kasoro. Kilichowaokoa ni kopi iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, ambaye alikuwa anafanya kazi akiwa nyumbani na mtoto mchanga. Filamu ya mamilioni ya dola, imeokolewa na kompyuta ya mama mmoja!

Mwaka 2010 Joey Hess akaanzisha git-annex, na baadaye DataLad ikajengwa juu yake. Hiyo ndiyo natumia kutunza picha na video za mtaa. Kuna dataset mama inaitwa kibera, na ndani yake soweto-west, gatwekera na laini-saba, kila moja na historia yake. Nikiandika `datalad drop`, mzigo wa faili unatoka kwenye laptop lakini jina na rekodi vinabaki. Na kabla iutoe, inatafuta kopi nyingine. Isipoipata, inagoma. `datalad remove` ndiyo kali, maana inang'oa dataset nzima kutoka kwa mama yake. Na ikikuta dataset zingine ndani inazing'oa pia, haingoji uandike `--recursive`. Ukitaka kuruka ukaguzi kuna `--reckless`, yaani bila kujali. Angalau hawakuficha maana.

Mabeste huniambia huo ni usumbufu, laptop ikijaa si ufute tu. Sawa, kama ni memes. Lakini picha ya jengo lililoangushwa 2018 utarudi kuipiga wapi?

Kopi yangu ya pili iko kwenye diski kwa shosho, Kawangware. Isipochomekwa, DataLad haiwezi kuthibitisha kitu, kwa hivyo `drop` inanikatalia hadi niende kumsalimia.