Sayansi kwa Watoto Wadogo: Tununue Nini, Tuache Nini



Kila aliyewahi kufua kanzu nyeupe baada ya karamu ya biriani anaijua hii. Doa la manjano limekaa kifuani, unalipaka sabuni ya kipande, na mara linageuka rangi ya damu ya mzee. Wengi wetu tumewahi kuilaani sabuni tukidhani imeharibu nguo. Haikuharibu kitu. Manjano hubadilika rangi yakikutana na kitu cha alkali kama sabuni, na ukikamulia ndimu, rangi yake ya asili hurudi. Huo ndio mtihani wa asidi na alkali ambao watoto wetu huja kuufanya sekondari kwa karatasi maalumu za maabara. Sisi tumekuwa tukiufanya kwenye karai miaka yote, bila kumwita mtoto aje atazame.

Nimeanza na doa hili kwa sababu kila muhula unapofunguliwa swali linarudi: watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini tuwanunulie vifaa gani vya sayansi? Nalijibu nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya wazazi ya shule moja ambayo sitaitaja. Tulichanga, tukanunua hadubini moja, kiunzi cha mifupa cha plastiki na mabango makubwa ya rangi. Nami nilinyanyua mkono kuunga. Mwaka ulipokwisha, hadubini ilikuwa bado ndani ya boksi lake, imefungiwa kabatini ofisini ili watoto wasije wakaivunja. Kiunzi kiliwaliza wadogo. Bango lililotumika zaidi lilionyesha misimu minne ya mwaka pamoja na theluji, mbele ya watoto ambao kwao mwaka ni kaskazi na kusi, masika na vuli. Nia ilikuwa njema na pesa ilikuwa ya halali, lakini mtoto hakupata chochote mkononi. Tulijadili bei na uzuri wa kifaa, tukasahau kuuliza mtoto atafanya nini nacho.

Mtaala unataka nini

Chini ya mtaala wa umilisi, ule tuliouzoea kwa jina la CBC, mtoto wa PP1 hadi Gredi ya 3 husoma Shughuli za Mazingira. Somo la Sayansi na Teknolojia humjia Gredi ya 4. Yaani kwa miaka yake ya mwanzo hatakiwi kukariri majina ya sayari wala sehemu za moyo. Anatakiwa atazame, aguse, apange vitu kwa makundi, apime, akisie kisha ahakikishe. Kifaa kizuri ni kile kinachomwezesha kufanya haya. Kingine chote ni pambo.

Tukumbuke pia kwamba Katiba ya 2010 iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo swali la vifaa tunaweza kulipeleka kwa mwakilishi wetu wa wadi. Tukienda, twende tukijua tunachotaka.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

Kwanza, mikono ya mtoto itafanya nini? Kifaa ambacho mwalimu pekee hukishika na watoto arubaini wakakitazama kwa mbali ni sawa na televisheni.

Pili, kinahusu kitu ambacho mtoto anaweza kukiona hapa kwetu? Picha ya stroberi haina ubaya, lakini mtoto hawezi kuipanda na kuifuatilia. Pojo anaweza.

Tatu, kinatosha watoto wangapi? Pesa za hadubini moja nzuri zinaweza kununua lenzi za mkononi za darasa zima.

Nne, kikivunjika tutapata wapi kingine? Kifaa kisichoweza kurudishwa hufichwa, na kikifichwa hakifundishi.

Tano, ni salama kwa mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni? Hili nitalirudia chini.

Anza na vilivyoko nyumbani

Jikoni mwa Pwani mna maabara. Paka manjano yaliyochanganywa na maji kwenye karatasi nyeupe, yakauke, kisha mpe mtoto kijiti cha pamba, maji ya sabuni na kipande cha ndimu. Atachora kwa rangi mbili na atakuuliza maswali kumi.

Chukua glasi mbili za maji, moja ukoroge chumvi nyingi, utie yai bichi katika kila moja. Lile la maji matupu huzama, la maji ya chumvi huelea. Mtoto aliyewahi kuoga baharini na kwenye birika ataelewa kwa nini mwili wake ulikuwa mwepesi baharini.

Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Weka chupa moja dirishani mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma. Asubuhi ya baridi mtoto ataona mafuta yamefanya ukungu, na ikifika adhuhuri yamekuwa maji tena. Hapo amejifunza yabisi na kiowevu bila kitabu.

Nazi yenyewe ni somo zima. Mpangie mtoto kwa safu kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Ataona maisha ya tunda kutoka uchanga hadi ukomavu, tena kwa majina ambayo lugha yetu imeyatunza vizuri. Kisha aitie nazi yenye makumbi ndani ya ndoo ya maji, na jiwe kando yake. Makumbi yana hewa ndani yake, ndiyo maana nazi huelea, na ndiyo maana mnazi umeweza kusafiri baharini kutoka pwani hadi pwani.

Ungo, chujio na kifumbu ni vifaa vya kutenganisha mchanganyiko. Mtoto akipepeta mpunga kidogo ataona upepo ukichukua makapi na kuacha punje. Akichuja tui ataona kinachopita na kinachobaki. Miaka michache baadaye, mwalimu akimtajia njia za kutenganisha vitu, atakuwa anakutana na rafiki wa zamani.

Panda pojo kwenye pamba yenye unyevu, visahani viwili. Kimoja kitiliwe maji ya bomba, kingine maji ya bahari. Siku tatu hazitapita kabla ya cha kwanza kuchipua. Cha pili kitagoma. Hapo mpeleke mtoto akaone mikoko, aulize hii imewezaje. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, na jani ukiliramba utaionja.

Kivuli, mwezi na maji

Watoto wetu wengi hutoka shule wakaenda chuoni, na huko ndiko kuna somo la sayansi tunalolipita kila siku. Simika fimbo iliyonyooka uani. Kila saa, mtoto aweke jiwe mwisho wa kivuli. Ataona kivuli kikipungua hadi adhuhuri, kisha kikirefuka hadi alasiri. Atajua kwa macho yake kwa nini wazee walipima nyakati za swala kwa kivuli kabla ya saa za ukutani. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri hapa Mombasa huanguka upande wa kusini, na Disemba huanguka upande wa kaskazini. Mapema Machi na mapema Oktoba jua hupita utosini na fimbo hukaribia kukosa kivuli kabisa. Bango la misimu minne halitamwambia haya. Mkanye tu asilitazame jua lenyewe.

Mpe pia daftari la mwezi. Kuanzia siku ya hilali achore umbo la mwezi kila magharibi. Mwezi ukishakuwa mpevu huanza kuchelewa kutoka, basi wiki ya mwisho muutazame alfajiri mkiamka kuswali. Anayeishi karibu na bahari aandike kando yake maji yamejaa au yamekupwa. Baada ya miezi miwili ataanza kuona mwenyewe kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati. Ataona pia kwamba maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Wavuvi wanayajua haya kwa moyo. Mwalimu mwenye busara atamwalika mvuvi mmoja darasani kwa nusu saa, na hatalipa zaidi ya kikombe cha chai na mahamri.

Vichache vya kununua

Kama pesa ipo, orodha yangu ni fupi: lenzi za mkononi za plastiki, sumaku kubwa zisizoweza kumezwa, mizani ya vikombe viwili, tepu ya fundi cherehani, kipimajoto kisicho na zebaki, na mitungi ya plastiki inayoonyesha ndani. Sumaku hiyo hiyo ataizungusha kwenye mchanga, kwenye misumari, kwenye kopo la soda na kwenye sufuria, aone kipi kinavutwa na kipi hakivutwi. Ongeza kipande cha kanga kilichochakaa, ukifunge juu ya mti kiwe kionyesha upepo. Kitaelekea upande mmoja Januari na upande mwingine Julai, na mtoto atajifunza kaskazi na kusi kwa kuinua macho.

Vitabu na video

Kitabu cha darasani kiwe kimeidhinishwa na taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD. Cha nyongeza, kikague mwenyewe kabla ya kukilipia. Fungua ukurasa wa wanyama. Kikisema nyangumi au pomboo ni samaki, popo ni ndege, au buibui ni mdudu wa miguu sita, kirudishe rafuni. Kikimchora nguva nusu mwanamke nusu samaki, hicho ni kitabu cha hadithi. Nguva wa kweli ni mnyama anayenyonyesha na kula nyasi za baharini. Kikionyesha nyota iking'aa ndani ya pembe za hilali, mwambie mtoto kuwa ni pambo, kwa sababu mahali hapo pana mwili wa mwezi usiopata mwanga na nyota haiwezi kuonekana mbele yake.

Lugha nayo ni kifaa. Mtoto wa miaka mitano huuliza zaidi kwa lugha anayoiota. Vipo vitabu vya watoto vya bure kwa Kiswahili kwenye mtandao wa African Storybook. Kuna pia katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Tanzania mwaka 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kizuri. Lakini video iwe kichocheo. Baada ya dakika kumi, zima simu, fanyeni mlichokiona.

Usalama

Betri ndogo za duara, zile za saa na za vichezeo vya taa, ni hatari kubwa. Mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo kwa muda wa saa mbili tu, basi mkimbize hospitali usingoje. Sumaku ndogondogo zikimezwa zaidi ya moja huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Kipimo rahisi kwa walio chini ya miaka mitatu ni kigogo cha karatasi ya chooni: kitu kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwao. Dawa za kung'arisha nguo na za kuzibua mabomba zisiguse meza ya majaribio kamwe. Ufukweni, mtoto asiokote kombe lenye mnyama hai ndani yake, maana baadhi ya yale mazuri yenye umbo la pia yana mwiba wa sumu. Na ndani ya hifadhi za bahari, makombe na matumbawe tunayatazama na kuyaacha.

Mahali pa kuwapeleka

Ziara moja huzidi mabango kumi. Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, leo ni msitu, na mtoto ataona ardhi iliyokufa ilivyofufuliwa. Gazi, kaunti ya Kwale, kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na Mida karibu na Watamu iko nyingine. Nendeni na lenzi na daftari. Msiende na pesa za soda pekee.

Wala hili la vifaa vya nyumbani si wazo geni kwetu. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ulijengwa juu ya walimu wa mtaani na vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya karibu, kisha ukafika Zanzibar na Uganda. Tulikuwa walimu wa wenzetu katika jambo hili. Isiwe leo sisi ndio tunaonunua theluji ya karatasi.

Suratul Ghashiya inatutaka tutazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. Kutazama ndiko mwanzo wa sayansi, na mtoto mdogo ni hodari wa kutazama kuliko sisi. Wiki hii, kabla ya kuchangia boksi jingine la kufungiwa kabatini, mwite mtoto wako karibu na karai la kufulia, umpe kipande cha ndimu, kisha usubiri aulize.