Jinsi Kampala Ilivyoachana na Dizeli

Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alizindua Bwawa la Owen Falls mjini Jinja, Nile inapoanzia safari yake kutoka Ziwa Victoria. Uingereza na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba maji yafunguliwe kwa kadiri ya kina cha ziwa, kama mto ulivyotiririka wenyewe kabla ya bwawa. Kufikia 1958 umeme wa Jinja ulikuwa ukiuzwa hadi Nairobi.

Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kilianza kazi karibu na bwawa hilo. Mitambo iliongezeka, mto ukabaki ule ule. Mvua zilipoadimika, maji yakafunguliwa kupita kipimo cha mapatano ili taa zisizimike. Ukame na ufunguaji huo vililishusha ziwa, na mwaka 2006 kina chake kilifika chini kuliko kilivyowahi kuwa kwa takriban miaka 80.

Kampala ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mtaa uliopata umeme leo ulikaa gizani kesho. Vinyozi na wachomeleaji waliweka jenereta ndogo mlangoni, na mteja akalipia petroli pamoja na kazi. Tangu 2005 serikali ilikuwa imekodi mitambo ya dizeli ya megawati 50 kutoka kampuni ya Aggreko, ikasimikwa Lugogo, Kampala, na mingine ikafuata. Mafuta yaliagizwa ng'ambo, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na hazina kwa ruzuku.

Dawa ilikuwa inajulikana siku nyingi: Bujagali, kilomita chache chini ya Jinja, ambako maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya juu yangezungusha mingine bila kulipunguza ziwa. Lakini AES, kampuni ya Marekani iliyokuwa ijenge bwawa hapo, ilijitoa mwaka 2003, na ujenzi ukaanza 2007. Megawati zote 250 zilipopatikana mwaka 2012, dizeli ya kukodi iliondoshwa, na kituo cha mafuta mazito cha Namanve kikabaki kwa akiba.

Uganda iliilipia dizeli kwa sababu ilichelewa kujenga. Leo bwawa la Karuma lina megawati 600, lakini nalo hutegemea Nile ile ile, ilhali kituo cha jua cha Soroti, cha mwaka 2016, kina megawati 10 tu. Umeme wa jua lazima uongezwe sasa, ziwa likiwa limejaa, kwa kuwa ukame ukirudi hautasubiri miaka mitano ya ujenzi kama ya Bujagali.