Umbali na Muda: Safari ya London na Sydney

Umbali ni kitu kimoja, na muda ni kitu kingine. Umbali wa baina ya miji miwili haubadiliki. Lakini muda wa safari hubadilika kwa maarifa ya watu, na maarifa hayo hayapatikani bure. Tutazame mfano wa London, mji mkuu wa Uingereza, na Sydney, mji wa Australia.

Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka London mpaka Sydney, njia iliyo fupi kuliko zote hupata kadiri ya kilomita 17,000. Mzingo wote wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Basi safari hiyo yazidi sehemu mbili katika tano za mzingo huo.

Mwezi wa Mei, 1787, merikebu 11 zilitweka matanga katika bandari ya Portsmouth, zikiwachukua wafungwa wa Uingereza kwenda kukaa katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwamo tangu kale, na hawakuulizwa neno. Zilifika Januari, 1788, baada ya miezi minane. Kwa wengi wa wasafiri hao, kuiaga pwani ya Uingereza kulikuwa kuiaga milele. Baadaye merikebu za moshi, na Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, zilipunguza miezi ikawa majuma.

Mwaka 1919 serikali ya Australia iliahidi zawadi ya pauni 10,000 kwa Waaustralia watakaotangulia kuruka kutoka Uingereza mpaka kwao kwa muda usiozidi siku 30. Ross Smith na nduguye Keith, pamoja na mafundi wawili, Bennett na Shiers, waliondoka Hounslow, karibu na London, tarehe 12 Novemba. Walikaa katika ndege isiyo na paa, wakipigwa na baridi. Huko Surabaya, katika kisiwa cha Java, magurudumu yalizama matopeni. Wenyeji wakaleta mikeka ya mianzi, wakaitandika chini, na juu yake ndege ikapata kuruka. Tarehe 10 Desemba walishuka Darwin, kaskazini mwa Australia. Wanne katika walioshindana nao walikufa njiani. Na mwaka 1922 Ross Smith na Bennett nao waliangamia walipokuwa wakijaribu ndege nyingine.

Desemba, 1947, ndege ya abiria ilitoka Sydney ikafika London kwa siku nne, ikishuka mara kwa mara kutia mafuta. Agosti, 1989, ndege ya Boeing 747 iliruka kutoka London mpaka Sydney bila kushuka, kwa saa 20 na dakika 9. Lakini haikuchukua abiria wa kulipa nauli, maana uzito ulipunguzwa ili mafuta yatoshe. Hapa ndipo penye fumbo la safari ndefu: mafuta yenyewe ni mzigo, na kuuchukua mzigo huo kwahitaji mafuta mengine. Tena upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo saa za kwenda si sawa na saa za kurudi, ijapokuwa umbali ni mmoja.

Basi mwanafunzi asomapo katika ratiba kwamba safari ni ya saa kadha wa kadha, aikumbuke hesabu iliyofichika. Miezi minane imekuwa chini ya siku moja, na baadhi ya walioipunguza walilipa kwa maisha yao. Wala wasisahauliwe wale watu wa Surabaya waliotandika mikeka, ambao hawakuwamo katika mgawanyo wa zile pauni 10,000.