Moyamoya: Historia ya Kuutambua na Kuutibu Ugonjwa Adimu wa Ateri za Ubongo

Moyamoya ni ugonjwa wa ateri zinazolisha ubongo. Karotidi mbili hupanda shingoni, moja kila upande, huingia ndani ya fuvu na kugawanyika chini ya ubongo. Hapo penye mgawanyiko ndipo ugonjwa unapoanzia. Ukuta wa ateri hunenepa kwa ndani, njia ya damu huzidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na mwisho hufungika. Wakati huohuo vijishipa vya jirani, ambavyo kwa mtu mzima wa afya havionekani hata kwenye picha, hutanuka na kuongezeka mpaka vikawa wavu. Wavu huo ndio ulioupa ugonjwa jina lake, na ndio uliowachanganya matabibu kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ugonjwa wa namna hii usingejulikana kabla ya kupatikana njia ya kuiona mishipa ya kichwa cha mtu aliye hai. Njia hiyo ilipatikana Lisbon mwaka 1927, pale Mreno Egas Moniz alipodunga kwenye karotidi dawa inayoonekana katika eksirei, kisha akapiga picha upesi kabla damu haijaichukua. Angiografia, kama kipimo hicho kilivyoitwa, ilisambaa polepole hadi hospitali za Japani. Mwaka 1957 madaktari wawili wa huko, Takeuchi na Shimizu, walieleza habari za mgonjwa ambaye karotidi zake zote mbili zilikuwa nyembamba kupita kiasi ndani ya fuvu. Wao walidhani kwamba ateri hizo hazikukua vizuri tangu tumboni mwa mama.

Taarifa zilizofuata zilitaja wavu uleule, lakini kila kundi la madaktari lilikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema ni uvimbe wa mishipa, wapo waliosema ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1968 Kudo aliuita ugonjwa huo kuziba kwa duara la Willis, yaani ile pete ya ateri iliyo chini ya ubongo. Mwaka huohuo Nishimoto na Takeuchi waliuandika kama wavu usio wa kawaida unaohusiana na karotidi. Tofauti hiyo haikuwa ya majina tu. Kama wavu ndio ugonjwa, ungefaa kuondolewa au kuzibwa. Kama ni matokeo ya ugonjwa ulio mahali pengine, kuugusa kungemuua mgonjwa.

Suala hilo lilipata jawabu Sendai, katika Chuo Kikuu cha Tohoku. Jiro Suzuki na mwenzake Takaku hawakutosheka na picha moja kwa kila mgonjwa. Walirudia angiografia kwa wagonjwa walewale baada ya muda. Makala yao ya mwaka 1969 ndiyo iliyoeneza jina moyamoya duniani, neno la Kijapani la kitu chenye ukungu, kwa kuwa wavu ule ulionekana pichani mfano wa moshi wa sigara uliopulizwa hewani. Zaidi ya jina, walipanga hatua sita. Kwanza karotidi hubana, na hakuna moshi. Katika hatua ya pili moshi huanza, na katika ya tatu hutanda. Kisha, kadiri ateri kubwa zinavyotoweka pichani, moshi nao hupungua, na katika hatua ya sita haupo tena: ubongo unategemea damu ya ateri za uti wa mgongo na ile inayopenya kutoka kwenye ngozi ya kichwa na tando za ubongo.

Mpangilio huo uligeuza maana ya picha. Moshi haukuwa adui. Damu iliyofungiwa barabara kuu ilikuwa ikifuata njia za panya, na mwili wenyewe, bila msaada wa daktari, ulikuwa ukijenga daraja kutoka nje ya fuvu hadi ndani. Upasuaji wote uliofaa baadaye umesimama juu ya jambo hilo. Ni mfano mzuri wa faida ya daktari kumfuatilia mgonjwa yuleyule kwa miaka badala ya kukusanya picha za wagonjwa wengi mara mojamoja.

Kitandani mwa mgonjwa, dalili hutofautiana kwa umri. Ugonjwa una vipindi viwili vya kujitokeza, utotoni na tena katika umri wa miaka 40 hivi, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mtoto hudhoofika ghafla mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno humpotea, kisha baada ya dakika chache hurudia hali yake na kuendelea kucheza. Mara nyingi tukio hilo huja baada ya kulia sana, kupuliza chakula cha moto au kupuliza ala ya muziki. Sababu yake inaeleweka vizuri: anayepumua kwa nguvu na haraka hupoteza hewa ya ukaa kwenye damu, na ikipungua hewa hiyo ateri za ubongo hujikaza. Kwa mtoto wa kawaida hakuna madhara. Kwa mtoto ambaye vijishipa vyake vimekwisha kutanuka hadi mwisho, kule kujikaza kidogo tu kunatosha kuunyima ubongo damu. Wazazi wengi wameambiwa kwamba mtoto anadeka au ana kifafa, na huo ni ucheleweshaji wa kusikitisha, kwa sababu kila kiharusi kinachotokea katika muda huo huacha kovu lisilofutika akilini. Kwa watu wazima, hasa Asia ya Mashariki, dalili ya kwanza huweza kuwa kuvuja damu ubongoni, kwani vijishipa vyembamba vinavyobeba mzigo wa ateri kubwa hupasuka.

Dawa ya kuzuia ateri zisizibe haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Suzuki alijaribu kukata neva za shingoni zinazobana ateri, akitumaini kwamba damu ingepita kwa wingi zaidi, lakini njia hiyo haikudumu. Mlango ulifunguliwa na hadubini. Mwaka 1960 Jacobson na Suarez, huko Vermont, Marekani, walionyesha kwamba mishipa yenye upana wa milimita moja au mbili inaweza kushonwa ikitazamwa kwa hadubini. Gazi Yasargil, mpasuaji kutoka Uturuki aliyefanya kazi Uswisi, alikwenda Vermont kujifunza kwa mpasuaji Donaghy, akarejea Zurich, na Oktoba 1967 akaunganisha ateri ya ngozi ya kichwa, ile inayodunda mbele ya sikio, na ateri iliyo juu ya ubongo. Uzi wa kazi hiyo ni mwembamba kuliko unywele. Mwaka 1972 alimfanyia upasuaji huo mtoto mwenye moyamoya, na wapasuaji wa Japani, wakiwemo Karasawa na Kikuchi, wakaufanya kuwa kazi ya kawaida.

Hata hivyo ateri za ubongo wa mtoto mdogo huwa hazifikii hata milimita moja, na kuzifunga kwa muda ili zishonwe ni hatari. Hapo ndipo lile funzo la moshi liliporudi. Ikiwa mwili hujenga njia zake wenyewe, pengine inatosha kuusogezea chanzo cha damu. Karasawa alilaza msuli wa upande wa kichwa juu ya ubongo. Matsushima wa Tokyo, katika taarifa ya mwaka 1981, alieleza njia rahisi zaidi: ateri ya ngozi ya kichwa haikatwi, bali huachwa ikipitisha damu, ikashonwa kwenye mwanya wa utando mgumu wa ubongo. Baada ya miezi kadhaa vijishipa vipya huchipua kutoka kwake na kuingia ubongoni. Mwaka 1989 Endo na wenzake waliripoti kisa kilichothibitisha wazo hilo bila kukusudiwa: mgonjwa aliyetobolewa fuvu ili kutoa maji baada ya damu kuvuja ubongoni alikutwa, miezi michache baadaye, na mishipa mipya iliyopita kwenye matundu yaleyale. Huko Boston, Michael Scott aliiboresha njia ya Matsushima kwa kuufungua pia utando laini wa ndani na kuishona ateri juu ya ubongo wenyewe. Taarifa yake ya mwaka 2004 ilihusu watoto 143. Kati ya 126 waliofuatiliwa zaidi ya mwaka mmoja, ni wanne tu waliopata kiharusi cha baadaye.

Upasuaji wa kuunganisha ateri karibu ufe mwaka 1985. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa wagonjwa 1,377 ulionyesha kuwa haukuwazuilia kiharusi wale ambao ateri zao zimeziba kwa sababu za kawaida za uzeeni, na hospitali nyingi ziliuacha. Moyamoya ndiyo iliyouhifadhi ufundi huo. Kwa watu wazima waliokwisha kuvuja damu, ushahidi ulikuja mwaka 2014 kutoka hospitali 22 za Japani: kati ya 42 waliopasuliwa, watano walivuja damu tena, na kati ya 38 ambao hawakupasuliwa, 12.

Utambuzi nao ulikuwa umebadilika. MRI iliweza kuonyesha ateri bila kuzidunga, na ndugu wa mgonjwa wakaweza kupimwa bila hatari. Mwaka 2011 makundi ya Tohoku na Kyoto yalitambua jeni la RNF213, ambalo badiliko lake moja hupatikana kwa wagonjwa wengi wa Japani na Korea. Hata hivyo wengi walio na badiliko hilo hawaugui kamwe, kwa hiyo jeni peke yake halitoshi.

Moshi uleule huonekana pia kwa watu wasio na asili ya Asia, hasa watoto wenye selimundu, ambao ateri zao hubana mahali palepale. Kwao kinga hutangulia kisu. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba mtoto ambaye damu yake hupita ateri za ubongo kwa kasi ya sentimita 200 au zaidi kwa sekunde, ikipimwa kwa Doppler, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, huepushwa kiharusi kwa kuongezewa damu mara kwa mara: kati ya waliotibiwa hivyo alipata mmoja, na kati ya wengine, 11. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa selimundu, na damu ya kuongezea haitoshi. Kwa hiyo Hospitali ya Bugando, Mwanza, imefanya utafiti wa kuwapima watoto kwa Doppler na kuwapa dawa ya hidroksiyurea wale wenye kasi ya hatari, kabla ateri zao hazijaanza kuziba.