Chakula cha Mfungo Kilikwenda Wapi?

Hermas, Mkristo wa Roma aliyeandika katika karne ya 2, ana agizo ambalo hata mhasibu angelipenda. Siku ya kufunga, ule mkate na maji tu. Kisha upige hesabu ya gharama ya chakula ambacho ungekula siku hiyo, na fedha hiyo umpe mjane, yatima au mhitaji. Katika karne hiyohiyo Aristides wa Athene aliwaeleza Wakristo kuwa ni watu ambao, wakimwona maskini kati yao nao hawana cha ziada, hufunga siku mbili tatu ili apate riziki. Huyu ashinde na njaa, yule apate kula.

Siku zenyewe zilipangwa mapema. Didake, mwongozo wa kale wa makanisa, unataja Jumatano na Ijumaa. Muda wa kufunga kabla ya Pasaka ulichukua karne nyingi kutulia: kuelekea mwisho wa karne ya 2, Irenaeus wa Lyon alieleza kwamba wengine hufunga siku moja, wengine mbili, wengine saa arobaini, na hakuona sababu ya kugombana. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, unazitaja siku arobaini kana kwamba kila mtu anazijua. Hata hivyo, miaka kama 15 baadaye Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyekuwa uhamishoni Roma, alilazimika kuwahimiza Wamisri wake wazishike, wasije wakachekwa na dunia nzima. Aibu nayo ilisaidia kujenga Kwaresima. Papa Leo Mkuu, aliyeongoza Kanisa la Roma kuanzia mwaka 440 hadi 461, alirudia katika hotuba zake jambo lilelile la Hermas: kinachonyimwa tumbo ni cha maskini.

Baadaye sheria ilishika zaidi orodha ya vyakula. Katika Ulaya Magharibi Kwaresima ilimaanisha kuacha nyama, mayai, maziwa na siagi. Kwa watu wa kusini wenye mizeituni hilo halikuwa tatizo kubwa. Kaskazini, mafuta ya zeituni yalitoka mbali na siagi ndiyo iliyokuwa mafuta ya jikoni. Ndipo kibali cha kula siagi kikaanza kutolewa kwa sadaka. Katika kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, mnara mmoja uliojengwa tangu mwaka 1485 unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa kuwa fedha za vibali hivyo zilichangia ujenzi wake. Fedha ya mjane imegeuka jiwe! Mwaka 1520 Martin Luther alilalamika kwa hasira kwamba Roma inawalisha Wajerumani mafuta yasiyofaa hata kupaka viatu, kisha inawauzia ruhusa ya kula siagi.

Mlipuko ulitokea Zürich, Uswisi, Machi 1522. Nyumbani kwa mchapishaji Christoph Froschauer, soseji zilikatwa vipande na kuliwa Kwaresima ikiendelea. Huldrych Zwingli, padri wa kanisa kuu la mji, alikuwepo lakini hakula. Froschauer alijitetea mbele ya baraza la mji kama mwajiri: kazi ni nyingi, uji peke yake hautoshi kuwapa watu nguvu, na samaki hawawezi kununuliwa kila siku. Utetezi huo naupenda kwa sababu ni wa jikoni. Zwingli ndiye aliyeupa teolojia, kwa mahubiri aliyoyachapisha Aprili: anayetaka kufunga na afunge, ila asimlazimishe mwenzake. Uingereza ilichukua mkondo wa ajabu zaidi. Ilipokwisha kuachana na Papa, serikali iliendelea kuamuru siku za samaki, na sheria ya mwaka 1563 ikaongeza Jumatano, ili wavuvi wasikose soko na jeshi la majini lisikose mabaharia.

Uhabeshi, yaani Ethiopia, haikupitia ugomvi huo. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo huacha nyama, mayai na maziwa Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, pamoja na siku 55 za mfungo mkuu kabla ya Pasaka na mifungo mingine, ikiwemo ule wa Agosti kwa heshima ya Mama Maria. Injera, ule mkate mwembamba wa Kihabeshi, pamoja na shiro (mchuzi wa unga wa jamii ya kunde) au mchuzi wa dengu ni chakula cha mfungo, na mikahawa mingi hukipika kama jambo la kawaida. Mfungo wa namna hiyo haumtegemei mtu mmoja kujipa moyo. Mji mzima unabadilisha vyungu kwa pamoja.

Katika Ukatoliki, mwaka 1966 Papa Paulo VI alibakiza siku mbili tu za kufunga kwa lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akawaruhusu maaskofu wa kila nchi kuweka sala na matendo ya huruma mahali pa baadhi ya masharti ya kujinyima. Hesabu ya Hermas ilikuwa imekwisha kurudi kwa mlango mwingine: mwaka 1958 maaskofu wa Ujerumani walianzisha Misereor, shirika linalokusanya sadaka ya Kwaresima kwa ajili ya maskini wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.