Amana, Si Mali: Maalim Seif Sharif Hamad na Wapiga Kura wa Zanzibar

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mwanasiasa wa upinzani anavyokubalika kwa wapiga kura wa kwao, na kinachodumisha kukubalika huko miaka inapopita bila ushindi. Kielelezo ni Maalim Seif Sharif Hamad na wapiga kura wa Zanzibar, hususan wa Pemba, tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992 hadi kifo chake mwaka 2021. Hoja kuu ni kwamba uungwaji mkono wa aina hii ni amana: wananchi humkabidhi mtu akawatunzia, nao hubaki na haki ya kuikagua na kuidai. Maelezo yanayotegemea historia ya kisiwa peke yake, au haiba ya kiongozi peke yake, hayafiki kwenye kiini cha jambo.

Utangulizi

Tarehe 18 Machi 2019, Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtambua Profesa Ibrahim Lipumba, aliyekuwa akivutana na Maalim Seif, kuwa mwenyekiti halali wa chama cha upinzani cha CUF. Siku hiyohiyo Maalim Seif, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho, alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo pamoja na wafuasi wake. Kaulimbiu ya uhamisho huo ilitoka chomboni: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Bendera za CUF ziliteremka Unguja na Pemba kwa kasi iliyowashangaza hata waandishi wa habari, na kuta za matawi zikapakwa zambarau, rangi ya chama ambacho katika uchaguzi wa 2015 kilikuwa kimepata mbunge mmoja tu wa jimbo, Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini. Watu walioipigia kura CUF kwa zaidi ya miaka 20 waliamka wakiwa chama kingine, na wengi wao hawakuona kwamba wamebadilika.

Tafsiri iliyotolewa haraka ilikuwa kwamba Wazanzibari wa upinzani hawana chama, wana Maalim. Tafsiri hiyo ina mvuto kwa sababu inaeleza kasi ya tukio. Ila inawafanya wapiga kura kuwa mizigo iliyopakiwa chomboni, inayokwenda kokote nahodha anakoelekea. Tukilitazama tukio hili sambamba na mengine mawili, la 2003 na la 2009, tunaona kwamba abiria hawa walikuwa na sauti katika kila kona ya safari.

Maelezo mawili yaliyozoeleka

Maelezo ya kwanza ni ya historia. Pemba, inasemwa, ilikuwa ya upinzani hata kabla Seif hajajulikana. Chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte, kilichoundwa mwaka 1959, kilikuwa na mizizi Pemba, na muungano wake na chama cha ZNP ndio uliounda serikali baada ya uchaguzi wa Julai 1963. Katika uchaguzi huo mpinzani wao, chama cha ASP, ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliing'oa serikali hiyo, na Pemba ikaingia katika miaka ya kutazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1995 CUF ilipozoa majimbo yote 21 ya kisiwa hicho, ilikuwa rahisi kusema kwamba watoto wamepiga kura ya baba zao.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanakwama mahali pawili. Kwanza ni hesabu. Katika sensa ya 2012 Pemba ilikuwa na watu 406,848 kati ya 1,303,569 wa Zanzibar nzima, yaani chini ya theluthi moja. Kwa matokeo rasmi, Seif alipata asilimia 49.8 ya kura za urais wa Zanzibar mwaka 1995, 46.1 mwaka 2005 na 49.1 mwaka 2010. Kisiwa chenye chini ya theluthi ya watu hakiwezi peke yake kutoa karibu nusu ya kura, kwa hiyo sehemu kubwa ilitoka Unguja. Pili ni mtu mwenyewe. Seif hakutoka katika upinzani wa zamani. Alikuwa waziri wa elimu, mjumbe wa Kamati Kuu ya chama tawala cha CCM, na kuanzia Februari 1984 hadi Januari 1988 alikuwa Waziri Kiongozi. Kama kura ya Pemba ingekuwa urithi mtupu wa kinyongo, mtu aliyekalia kiti cha serikali iliyoshukiwa asingekuwa wa kwanza kupewa usukani.

Maelezo ya pili ni ya haiba. Hapa Tanzania Bara inatupa mfano wa kupimia. Mwaka 1995 Augustino Mrema, akiwa ametoka CCM na kuingia NCCR-Mageuzi, alivuta umati ambao bado unasimuliwa, na akapata asilimia 27.8 ya kura za urais wa Muungano. Mwaka 1999 alihamia TLP. Mwaka uliofuata kura zake zilishuka hadi asilimia 7.8, na mwaka 2005 hazikufika hata asilimia moja. Jimbo la Vunjo lilimrudisha bungeni mwaka 2010, kisha likamtoa mwaka 2015. Mrema naye alishusha tanga na kupandisha tanga, lakini wengi walibaki ufukweni. Haiba haikumpungukia. Tofauti yake na Seif tuitafute kwa wale waliobaki ufukweni na wale waliopanda.

Amana inavyowekwa

Katika jamii za pwani, zawadi, deni na amana ni vitu vitatu tofauti. Zawadi ikishatolewa, mtoaji hana tena neno juu yake. Deni likilipwa, uhusiano umekwisha. Amana hukaa kwa mtu bila kuwa yake: huitunza, haitumii apendavyo, na mwenyewe akija kuiulizia hapaswi kukunjiwa uso. Tunadai kwamba kura ya mpiga kura wa upinzani Zanzibar ilikuwa amana kwa maana hii.

Msomi wa Kimarekani Richard Fenno, katika kitabu chake Home Style cha 1978, aliwafuata wabunge wa nchi yake majimboni mwao akaona kwamba imani wanayojijengea nyumbani ndiyo inayowapa uhuru wa kuamua wanapokuwa mji mkuu, mradi warudi kujieleza. Wazo hilo linatufaa, ila wabunge wa Fenno walikuwa na ofisi, wasaidizi na miradi ya kuonyesha. Mpinzani wa Zanzibar hakuwa na zahanati ya kufungua wala barabara ya kuzindua. Aliwekewa amana kwa mambo mengine matatu.

La kwanza ni kazi iliyotangulia siasa. Seif alizaliwa Mtambwe, Pemba, mwaka 1943. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1963, akitarajia chuo kikuu. Mapinduzi yalipokuja, vijana waliosoma walitakiwa kuziba pengo la walimu. Akafundisha, ikiwa ni pamoja na sekondari ya Fidel Castro kisiwani Pemba, na ilipofika 1972 ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndipo lilipotoka jina lililomfuata hadi kaburini. Anayemwita mtu Maalim anajitambulisha kama mwanafunzi wake, au mzazi aliyemkabidhi mtoto. Na mzazi aliyekabidhi mtoto ana haki ya kuuliza maendeleo yake.

La pili ni gharama iliyolipwa na pande zote mbili. Seif alifukuzwa CCM mwaka 1988, akakamatwa Mei 1989 na kukaa ndani hadi Novemba 1991. Wafuasi wake walilipa ya kwao Januari 2001, pale maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000 yalipozimwa kwa risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni nchini Kenya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kuzalisha wakimbizi. Kiongozi aliyelala jela na mwananchi aliyelala Shimoni hawahitaji kutambulishana.

La tatu ni mahali pa kukagulia, yaani baraza. Mtu akitaka kuiona amana ikipimwa, na aende Jaws Corner, Mji Mkongwe, magharibi inapokaribia. Vichochoro vinakutana pale kwenye kiwanja kidogo chenye baraza za saruji pande zote. Muuza kahawa ana birika lake juu ya makaa. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, na pembeni kuna kashata. Wazee wanacheza dhumna kwa kishindo, lakini masikio yako kwa anayesimulia habari. Maneno yaliyotolewa jukwaani Gombani ya Kale, Pemba, siku ya Jumapili hufika hapa Jumatatu yakapimwa: nani kasema, kwa nini kasema sasa, mbona mwaka jana alisema vingine. CCM nayo ina maskani zake, mashuhuri zaidi ikiwa Kisonge, Michenzani. Mkutano wa hadhara ni wa kiongozi. Barazani kiongozi hayupo, na ndiyo maana hukumu inayotoka pale ina uzito.

Wenye amana wanapoidai

Ushahidi wa kwanza kwamba wapiga kura hawakuwa mizigo ni uchaguzi mdogo wa Mei 2003 Pemba. Wawakilishi wa CUF walikuwa wamepoteza viti vyao kwa kususia vikao, na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ikawaengua wagombea wa chama hicho katika majimbo sita ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hesabu ya kawaida, mpiga kura asiye na mgombea hubaki nyumbani. Wapemba walikwenda vituoni, wakapanga foleni, wakapokea karatasi, wakaziharibu. Walipomaliza kuhesabu, kura zilizoharibika zilizidi zile za washindi. Watu wakaziita kura za maruhani. Jina hilo lina falsafa yake. Ruhani haonekani, lakini akipanda kichwani kila aliyepo hujua kwamba yupo. Mgombea hakuwamo katika karatasi, na bado alikuwa ndiye aliyepigiwa. Mtu hasimami juani kwa saa kadhaa ili aharibu karatasi kwa sababu ya fulana au kilo ya mchele. Husimama kwa sababu kitu chake kimeguswa.

Ushahidi wa pili unakwenda upande mwingine. Novemba 2009, baada ya kukutana na Rais Amani Abeid Karume, Seif alipanda jukwaani Kibandamaiti, Unguja, kuwaambia wafuasi wake kwamba chama sasa kinamtambua Karume kuwa rais. Sehemu ya umati uleule uliokuwa ukimshangilia ilimpinga papo hapo, hadharani. Kama uungwaji mkono ule ungekuwa mali yake, asingepata upinzani. Alipaswa kujieleza Unguja na Pemba, mkutano kwa mkutano. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na Novemba mwaka huo Seif akaapa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Walioitilia shaka hatua hiyo Kibandamaiti walikuwa wameikagua amana yao, wakaona haijaliwa.

Pingamizi

Msomaji anaweza kuuliza: kama amana ilikuwa imara hivyo, mbona mwaka 2020 matokeo rasmi yalimpa Seif asilimia 19.87, dhidi ya 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi? ACT-Wazalendo iliyakataa matokeo hayo na kuyaita wizi. Mtafiti hana budi kukumbuka kwamba takwimu za uchaguzi wa Zanzibar hupima mambo mawili kwa pamoja, mpiga kura na mhesabu kura. Tahadhari hiyo inahusu asilimia zote zilizotajwa hapo juu, pamoja na zile zinazoipendeza hoja yetu. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa kabla matokeo yote hayajatangazwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 CUF iliususia. Ndiyo maana makala hii imeegemea zaidi yale watu waliyoyafanya kuliko idadi ya kura walizohesabiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Amana inayokabidhiwa mtu mmoja inakwisha naye, kwa hiyo chama kinachoitegemea kinajenga juu ya mchanga. Seif alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, miezi miwili tu baada ya kuapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, akazikwa Mtambwe. Aliyeteuliwa kushika nafasi yake ni Othman Masoud Othman, mwanasheria ambaye hakuwa na umati wala jukwaa. Alichokuwa nacho ni jambo moja lililojulikana na kila baraza. Mwaka 2014, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya kukataa baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba, na siku chache baadaye akaondolewa kwenye wadhifa. Katika sarafu ya amana, hiyo ilikuwa gharama iliyolipwa mapema. Mtu wa kukabidhiwa hubadilika. Kigezo cha kumkabidhi kinabaki kwa wenye mali.

Hitimisho

Kwa anayetafiti siasa za upinzani Afrika Mashariki, umati mkutanoni ni kipimo dhaifu, kwa kuwa Mrema alikuwa nao. Maswali yenye faida ni mengine: kiongozi amelipa nini kabla hajaomba kura? Maneno yake hupimwa wapi akiwa hayupo? Na akikosea, nani ana ujasiri wa kumwambia? Pale ambapo majibu yapo, mwanasiasa anaweza kushindwa uchaguzi mmoja baada ya mwingine na bado akawa na watu.

Turudi kwenye zile kuta za Machi 2019. Majengo mengi ya matawi yalijengwa kwa michango na mikono ya wanachama: huyu kaleta matofali, yule kaleta mabati, fundi kajitolea. Waliochovya brashi katika rangi ya zambarau hawakusubiri ruhusa ya ofisi ya chama kilichoondoka wala ya kile kilichoingia. Nyumba ilikuwa yao tangu msingi, na mwenye nyumba huipaka rangi aitakayo.